Rukia, Nimemtaja Kaka Yangu

Rukia,

Ulinizidi wiki chache tu, na ukaanza kudai shikamoo tangu tukiwa darasa la kwanza, dawati moja, mtaa mmoja. Nilikuwa nakusonya. Leo nakupa bila kudaiwa. Shikamoo, Mwalimu.

Ni mchana, Kariakoo imejaa, wenzangu wanauza, na mimi nimeshusha geti la duka nusu ili nikuandikie. Mpagazi mmoja amechungulia akaniuliza kama nimefiwa. Nimemwambia ndiyo. Akauliza lini. Nimemfukuza.

Jana nilikuwa mahakamani. Nimesema. Nimesimama kizimbani nikamtaja kaka yangu Elisante, mtoto wa mama yangu, kwamba ndiye aliyekupiga kwa chuma mlangoni mwa darasa lako mpaka ukafa. Nimelisema mbele ya Jaji, mbele ya mke wake, mbele ya wazee wetu waliosafiri kutoka Moshi kuja kunisikiliza nikinyamaza. Sikunyamaza. Tangu jana chai imenishinda, lakini nimesema, na nilitaka nikuambie mwenyewe.

Sijawahi kukusimulia yaliyotokea baada yako. Nilikuwa na hasira mno. Bado ninazo, ila leo zinaniruhusu kuandika.

Unakumbuka ilivyoanza. Joto la uchaguzi lilikuwa limepanda, bendera zimefungwa hadi kwenye nguzo za umeme, na watu wa chama wa kata wakaja shuleni kwako kuomba wanafunzi wavae sare wakaimbe kwenye mkutano wao uwanjani. Mkuu wa shule hakuwa na ubavu wa kukataa. Ulinisimulia hapa hapa kwenye benchi langu, umevua viatu, unakula embe bichi kwa pilipili na kunichafulia vitenge. Walimu mligawanyika. Mwalimu Kisaka wa Historia alisema yeye alikua akiimba nyimbo za chama na kufundishwa siasa tangu darasa la tatu, na hazikumuua. Akasema mtoto asiyefundishwa itikadi ya nchi yake darasani atafundishwa na simu. Yule kijana wa Kiswahili akapiga meza akisema huo ni utumwa, na wewe ulijua kabisa kwamba yeye mwenyewe kila kipindi anawachomekea watoto siasa za chama chake kwenye mifano ya sentensi. Wote wawili uliwajibu kwamba darasa si tawi la chama. Wote wawili wakakununia.

Halafu ukaenda kulifanya mdahalo! Mtu mwingine angenyamaza, apite zake. Wewe uliandika ubaoni kwamba wanafunzi wa shule za serikali wafundishwe itikadi ya chama, ukawagawa watoto wa kidato cha tatu kwa kuwahesabia moja, mbili, moja, mbili. Wa moja waunge mkono, wa mbili wapinge. Hakuna aliyechagua. Na katikati ya mdahalo, wakati damu imewachemka, ukapiga rula mezani ukasema "Geuka!" Hapo waliokuwa wakipinga wanahamia viti vya wanaounga mkono, na kinyume chake, na kila mtu anaanza kutetea kile alichotoka kukiponda. Ndivyo ulivyofundisha Uraia miaka yote. Watoto walikuwa wakikuchukia kwa dakika chache, kisha wanakupenda.

Mimi sikukubaliana nawe, na nilikwambia. Nilisema watoto wanataka kujua mwalimu wao anasimama wapi, na kwamba ukikaa katikati ya barabara utagongwa na magari ya pande zote. Ulicheka mpaka embe likakupalia. "We Mchaga, mimi sikai katikati. Mimi ndiye trafiki." Nikacheka pia. Sasa nikikumbuka nashika kichwa.

Doreen wangu alipata namba mbili. Alianza kwa kupinga. Alirudi nyumbani siku ile sauti imemkauka, macho yanawaka, akanirudia yote jikoni. Aliposimama kupinga alisema chama kinachotaka watoto waimbe kabla hawajafikiri kinawaogopa hao watoto. Baada ya Geuka akasimama tena akasema nchi isiyowaambia watoto wake inaamini nini, itakuta wameshaamini cha mtu mwingine. Nilimuuliza, wewe unaamini lipi? Akasema, "Mama, bado. Mwalimu kasema tusiharakishe." Nilijivuna, Rukia. Sikukwambia kwa sababu ungeringa wiki nzima.

Kuna mtoto aliingiza simu darasani. Alirekodi, akaacha kurekodi pale uliposema Geuka, maana viti vilianza kuburuzwa na kelele zikawa nyingi. Hakuwa na ubaya. Akaituma kwa wenzake, wenzake wakaituma nyumbani, na kabla ya siku mbili kupita Doreen alikuwa kwenye kundi la WhatsApp la tawi la kaka yangu, amevaa sare, amenyoosha kidole, anasema chama kinaogopa watoto. Nusu ya pili haikuwepo.

Elisante alikuwa anagombea udiwani kupitia chama chake, na kura za maoni zilikuwa zimekaribia. Chama hicho sikitaji, wala rangi zake, kwa sababu nitakazokueleza mbele. Wapinzani wake wa humo humo ndani walifurahi. Wakaandika kwamba mpwa wa mgombea anakitukana chama. Mmoja akaandika, "Nyumba imemshinda, kata ataiweza?" Elisante alinionyesha hayo maneno kwenye simu, amesimama dukani kwangu pale unapopajua, karibu na vitenge vya wax. Mdomo wake ulikuwa umekauka. Nilimwambia, kaka, ule ni mdahalo, ana nusu ya pili, na nusu ya pili alikitetea chama chako kuliko unavyokitetea wewe. Nilisema kwa utani wetu wa kila siku. Hakusikia chochote. Aliniuliza tu, "Mwalimu ni yule Rukia wako?"

Akachukua chuma cha kuvutia geti. Kile kirefu chenye ndoano.

Rukia, huyu ndiye aliyenileta Dar. Ndiye aliyenifundisha kukagua kitenge kwa kukikunja na kukinusa. Ndiye aliyemfundisha Doreen kuendesha baiskeli pale viwanja vya Jangwani, anakimbia nyuma yake ameshika kiti. Nataka ujue kwamba hata nilipokuwa namkimbilia nilikuwa namkimbilia kaka yangu.

Niliacha duka wazi. Wewe unajua kuacha duka wazi Kariakoo ni nini. Nilikimbia kuvuka barabara ya Msimbazi katikati ya mikokoteni, naangusha ndoo za watu, natukanwa. Nje ya tawi vijana wake walijiunga naye, wengine hata hawakujua wanakwenda wapi. Niliita jina lake. Niliita, niliita. Kulikuwa na neno moja tu ambalo lingemsimamisha. Mwanamume anakimbia na chuma mkononi, mwanamke nyuma yake, ningepaza sauti mara moja tu "Mwizi!" na mtaa mzima ungemrukia. Lakini mtaa huu hauulizi. Wangempiga matofali, wangemvisha tairi, angekufa pale pale mbele ya maduka ya watu wanaomjua. Neno lilifika kwenye meno. Nikalimeza. Nimeuliza watu kama nilikosea kulimeza, nimemuuliza padri, nimejiuliza mwenyewe, na sijapata jibu. Kama wewe unalo, sitaki kulisikia.

Mlinzi wa shule walimwangusha getini, wakamkanyaga. Nilipoingia uwanjani wewe ulikuwa umeshatoka mlangoni mwa darasa na chaki mkononi. Hukukimbia. Nilikusikia kwa masikio yangu ukimwambia, "Kaka Elisante, karibu ndani, keti, watoto wakurudie nusu ya pili." Ulimwambia karibu! Yeye akapiga kelele kwamba unamfundisha mpwa wake kumtukana. Pigo la kwanza ulilikinga kwa mkono, na nilisikia mfupa ukivunjika. La pili likatua kichwani. Ukaanguka kwenye kizingiti, nusu yako ndani ya darasa, nusu nje. Watoto walikuwa wakiruka madirishani. Vijana wake walikuwa wamepita juu yako kuingia ndani, wanavunja madawati, wanachana ramani ukutani, na damu yako wanaitembeza kwa viatu vyao darasa zima.

Alinyanyua chuma mara ya tatu. Nilimrukia. Sikuwa na kitu mkononi, kwa hiyo nilimng'ata. Niliushika mkono wake kwa meno nikabana mpaka nikaonja damu, na sikuachia hata aliponipiga ngumi za kisogo. Chuma kikaanguka. Ndipo akanitazama, akakutazama na wewe pale chini, akaondoka anakimbia. Nikapiga magoti. Nilijaribu kukifunga kichwa chako kwa khanga yangu na khanga ikawa nzito. Doreen alisimama ubaoni, hakuruka dirishani, aliona kila kitu. Ulikuwa unapumua. Kisha ukaacha.

Nimeliandika. Nilidhani sitaweza.

Sasa yaliyofuata. Ulizikwa kesho yake, na hata kuzikwa kwako kulikuwa ugomvi. Jeneza lilipotoka ndani ya nyumba ya mama yako mtaa wa Gerezani, wakatokea wa chama cha pili, wale wanaoshindana na cha Elisante, wamevaa fulana zao, wanataka kulibeba wao. Wakakuita shujaa wao. Kijana mmoja akatandika bendera yao juu ya kile kitambaa cha kijani chenye aya. Vijana wa mtaa wakaing'oa, wale wakairudisha, ngumi zikaanza, na jeneza likayumba. Rukia, likayumba ukiwa ndani! Sisi wanawake tulikuwa mlangoni tukipiga mayowe. Mama yako, Bi Mwanaidi, ambaye hawezi kupanda ngazi bila kushikwa, alivua kandambili akaingia katikati ya wanaume akawacharaza nyuso kwa hiyo kandambili, mmoja baada ya mwingine, mpaka njia ikapatikana. Bendera aliikanyaga. "Mwanangu hana kadi! Hana kadi ya mtu!" Ndiyo sababu sitaji chama chochote hapa. Mikono ya kimoja ilikuua, kingine kikataka kuupanda mwili wako kama jukwaa, na wewe ulikuwa na rula na chaki.

Tangu hapo ukifungua redio au simu unasikia kwamba ulikufa kwenye vurugu. Mwalimu mmoja alipoteza maisha kwenye vurugu za kisiasa. Nawachukia wanaosema hivyo kuliko ninavyowachukia vijana waliovunja madawati. Chama cha Elisante kikasema hakihusiki na mihemko ya mtu mmoja mmoja. Cha pili kikasema itikadi zitolewe mashuleni kabisa. Wakubwa wakakaa kwenye viti vizuri kwenye televisheni wakajadiliana kama siasa iingie darasani au isiingie, kila mmoja upande wake kuanzia mwanzo hadi mwisho, hakuna aliyegeuka. Hakuna aliyesema kwamba aliyekuua ana jina.

Shuleni kwako midahalo imepigwa marufuku. Aliyechukua vipindi vyako ni binti mpole kutoka chuo, anasoma kitabu kutoka juu mpaka chini, mlango ameufunga, na mtoto akiuliza swali lenye neno chama anamwambia hilo halimo kwenye mtihani. Simlaumu. Kizingiti wamekipiga sakafu mpya na ameambiwa nani alikuwa akisimama pale. Doreen na wenzake, walipofika kidato cha nne, walianza kujadiliana wenyewe nyuma ya vyoo, kwa moja mbili, kwa Geuka, kila kitu. Wakakamatwa. Walichapwa viboko mbele ya mstari wa asubuhi, wasichana mikononi, wavulana matakoni, na Mwalimu Kisaka ndiye aliyeshika fimbo. Doreen anasema alikuwa analia wakati anawachapa. Nilikwenda shuleni nikamwambia maneno ambayo mama yako hatapenda niyaandike. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Doreen, nataka wafike kesho wakiwa hai." Nikaondoka nikiwa bado na hasira na sijui za nani.

Na dukani kwangu walikuja. Niliposaini maelezo polisi, habari zilitoka siku hiyo hiyo. Walikuja mchana kweupe, watu ninaowajua kwa majina, wakachana majora ya vitenge kwa visu, wakayamwagia mafuta machafu, na mmoja akanibana shingo ukutani akaniuliza kama nimeona vizuri. Nilimtemea mate. Majirani wote walikuwa wameinamia bidhaa zao. Siku ile ya shuleni pia, ukiuliza, hakuna aliyeona. Mlinzi alikuwa amekanyagwa uso. Walimu walikuwa wamejifungia ofisini. Watoto wazazi wao waliwahamisha, au waliwaambia wasahau. Tuliobaki ni mimi na Doreen, na nilimwambia mwanangu kwamba kama kuna wa kuchukiwa na ukoo huu, nitaanza mimi.

Elisante mwenyewe alikana. Kutoka mahabusu alisema hakufika kabisa shuleni, alikuwa Magogoni anasubiri pantoni avuke kwenda Kigamboni kwa mteja. Alikuwa na watu wa kumshuhudia. Kesi ikakaa, ikaahirishwa, ikakaa tena.

Wiki mbili kabla ya kesi kuanza kusikilizwa, wazee wetu walikuja dukani kwangu. Baba mkubwa Aloyce, na wajomba, na mke wa Elisante akiwa amevaa nyeusi utadhani mjane tayari. Waliniletea isale. Nilishakusimulia habari za isale siku ile tulipokwenda Moshi kwenye harusi ya dada yangu, ukaona yale majani marefu kwenye mipaka ya mashamba ukadhani ni mapambo. Kwetu, mtu akikukosea akakuletea isale kuomba msamaha, umeshikwa. Hukatai. Watu wameuana kwa mashamba, wakaletewa isale, wakanywa pombe kibuyu kimoja. Baba mkubwa aliliweka mezani kwangu, limefungwa fundo, akasema, "Mwanangu, tumeomba. Usiende kusimama kule."

Nililitazama jani. Nimelelewa kuliogopa, Rukia. Mwili wangu wote ulitaka kupiga magoti. Kisha nikamuuliza, baba, aliyekosewa ni nani? Akasema ni damu, yaani sisi, ukoo umepasuka. Nikapiga kelele duka zima likageuka. Nikamwambia aliyepasuliwa si ukoo, ni Rukia, na mama yake anakaa Gerezani, mwendo wa mguu, na tangu azike mtoto hakuna hata mmoja wenu aliyepita kumpa pole. Mjomba akanizaba kofi. Nikalichukua isale mezani nikatoka nalo, shavu linawaka, nikaenda nalo barabarani mpaka kwa mama yako.

Alikuwa anapepeta mchele. Nikampa, nikamweleza ni nini, na kwetu lina nguvu gani. Alilishika, akaligeuza, akalinusa. Akaniuliza, "Huyu kaka yako kasema kafanya?" Nikamwambia hapana mama, anasema alikuwa Magogoni. "Sasa anayesema hakuwepo, anaomba msamaha wa nini?" Akanirudishia mkononi, taratibu, hakulitupa. "Warudishie mwanangu. Waambie sijalikataa. Siku atakayosema, alilete mwenyewe, mie nitalipokea." Akaendelea kupepeta. Nilikaa pale nikalia mpaka akaniambia nimsaidie kutoa mawe kwenye mchele.

Niliwarudishia. Baba mkubwa hakulipokea kwa mkono, ilibidi niliache juu ya kiti.

Basi ndiyo jana. Nilivaa gauni lile la bluu. Wakili wa serikali aliniongoza, nikasema yote. Geti la duka, chuma, mlinzi, mkono wako, kichwa chako. Wakati wote Elisante alikuwa akitazama vidole vyake. Amekonda. Amenyoa ndevu. Sheria inasema nini kwa aliyeua, yeye anajua na mimi najua, na kila neno nililotoa nililisikia likimwendea.

Wakili wake akasimama, kijana nadhifu, sauti ya asali. Akaniuliza kama namchukia kaka yangu. Nikasema nampenda. Akaniuliza kama ni kweli kwamba marehemu alikuwa akiwafundisha watoto kutetea wasichokiamini. Nikasema alikuwa akiwafundisha kusema hoja ya mwenzao bila kuipinda. Akatabasamu. Akamwambia Jaji kwamba hawa ni watu wa shule hiyo hiyo, leo wanasema hivi, ukiwapigia rula wanasema vile, na mimi ni rafiki wa marehemu, huenda nami nimepangiwa upande. Watu wakacheka, Rukia. Mahakamani, wakacheka, kwa kazi yako. Nikamgeukia wakili. Nikamwambia, mwanangu, hoja ndiyo inageuzwa. Mimi nilikuwa pale. Mwambie akuoneshe mkono wake wa kulia.

Jaji akanionya nijibu nilichoulizwa. Lakini wakili wa serikali alikuwa ameshasimama, na baada ya mabishano ya sheria ambayo sikuyaelewa, Elisante aliambiwa akunje shati. Kovu lipo. Meno yangu yote ya mbele, juu na chini, na lile pengo langu ulilokuwa ukilicheka. Nikafungua mdomo ili waone vizuri, nikawaonesha pengo. Hakuna aliyecheka tena. Mtu aliyekuwa Magogoni.

Walipomtoa alipita karibu nami. Nilidhani atanitemea mate. Aliniita tu jina langu la utotoni, lile la nyumbani, ambalo siku hizi hakuna anayeniita. Basi. Askari wakamsukuma. Nilitapika nje, kwenye maua ya serikali, Doreen amenishika mabega.

Nimeshinda nini, niambie. Doreen ndiye anasimama wiki ijayo, na naye hatageuka. Hukumu haijatoka. Nikilala naota nafukuzana naye na neno lile liko kwenye meno. Naamka nimeuma shuka.

Leo asubuhi mama yangu alipiga simu kutoka nyumbani. Hakuitikia shikamoo yangu. Alisema Desemba nisipande basi. Unajua Desemba kwetu ni nini. Ulikuwa ukitania kwamba Kariakoo inafungwa kwa sababu Wachaga tumekwenda Moshi kuhesabiwa. Mwaka huu sihesabiwi. Akasema hata akifa yeye, nisije nikakanyaga kihamba chake, lile shamba letu la ukoo, kwa sababu nimemuuza mwanawe kwa Waswahili. Nikamwambia, mama, aliyekufa naye alikuwa mtoto wa mtu. Akakata simu. Nimempigia tena, na tena. Hapokei.

Kwa hiyo nitakuwa hapa, Rukia. Kaburi lako liko Kisutu na mimi nina duka, na huu ndio mji nilionao.

Lala sasa, Mwalimu. Mungu akuweke panapo utulivu, mimi huku nina kelele za kutosha. Ninakuahidi jambo hili, na sitalipunguza. Mtu yeyote atakayeniuliza nani alikuua, awe jaji wa rufaa, awe mwandishi, awe mtoto wa Doreen siku moja, awe mama yangu mzazi siku atakayopokea simu, nitamjibu. Sitasema siasa. Sitasema vurugu. Nitasema ni Elisante, mtoto wa mama yangu, nampenda, na alikuua yeye.

Rafiki yako,
Anjela